Sifuri ya Baba

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifurushi kikifika ukifungue wewe mwenyewe. Ndani kuna kikadi cha kumbukumbu, kidogo kama ukucha. Muuguzi wa zahanati atakuonyesha kinapochomekwa, ubavuni mwa mashine mpya ya Baba ya kupumulia. Ukishakichomeka, mashine itaendelea na kazi yake ileile, ila sasa itakuwa inahesabu.

Inahesabu nini? Najua utauliza, na najua utauliza umeweka mkono kiunoni. Programu ya mashine hiyo imegawanyika vipande vidogo vingi. Kimoja kinapima hewa inayoingia, kingine kinafungua vali, kingine kinaangalia kama mrija wa shingoni umeziba kwa makohozi. Kila kipande kikihitajika, programu inaacha ilichokuwa inafanya, inakwenda kukiita, inarudi. Safari hizo zinakula muda. Mimi kazi yangu iko kwenye kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine. Naiambia kipande gani ikinakili palepale kinapotumika ili safari isiwepo kabisa. Shida ni kwamba nafasi ya haraka ndani ya mashine ni finyu, haitoshi vyote. Fikiria jiko lako: chumvi iko karibu na mkono, masufuria makubwa yako juu ya kabati. Nataka kujua chumvi ya mashine hii ni ipi, na sitaki kukisia.

Kwa hiyo wiki hizi Baba atumie mashine mpya tu, akiwa mzima na akiwa hoi. Tukipanga vizuri tutapata nafasi ya kuongeza kipande cha kutambua mrija unaoanza kuziba kabla haujaziba. Hicho ndicho ninachomtakia Baba kuliko kitu kingine chochote duniani. Familia chache zimekubali majaribio, na mkuu wetu ameniruhusu nianze na yetu.

Anaendeleaje? Barua iliyopita umeandika "hajambo" halafu ukarukia bati la choo. Najua simu hataki tangu sauti ilipoondoka, na najua ukuta wa chumba chake ni mwembamba, ukizungumza nami anasikia kila neno. Basi niandikie. Niandikie yote.

Mdogo wako,
Msumari


11 Machi

Msumari wangu,

Marahaba. Kikadi kimechomekwa, taa ya kijani inawaka. Muuguzi alikuja na miwani mbili, ya kusomea na ya kuonea mbali, na bado alikichomeka kichwa chini miguu juu. Baba alicheka kimyakimya mpaka mrija ukatikisika. Ukiona kitu cha ajabu kwenye hesabu za siku ya kwanza, ujue ni kicheko.

Nakuandikia kwa simu, nimekaa jikoni kwenye kigoda, herufi zenyewe ndogo kama mchele. Baba hajambo. Unanilaumu kwa neno hilo lakini ndilo nililo nalo. Supu anakunywa. Anakaa dirishani karibu na cherehani yake, amekataa isiondolewe ingawa hawezi kuikanyaga. Anaandika ubaoni kwa chaki yake ya kuchorea nguo, na ulimi wake haujapoa hata kama hauna sauti. Juzi kaniandikia kwamba pindo la pazia nimelishona kama mtu anayekimbizwa.

Mashine yako inafanya kazi vizuri. Kuna nyakati chache tunamrudisha kwenye ile ya zamani ya zahanati, ili yako ipumzike. Usijali, hesabu zako utazipata.

Na wewe unakula? Usiniambie unakula mbele ya kompyuta.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo nimefurahi mpaka mwenzangu wa meza ya majaribio kaniuliza kama nimeposa.

Nimefungua hesabu ulizotuma. Vipande vya kupima hewa vimeitwa mara nyingi mno, nilitarajia. Vya kuchora mawimbi kwenye kioo, vivyo hivyo. Halafu nikateremka mpaka kwenye vile vya kukabwa, vinavyoitwa mrija ukiziba na mtu akipigania hewa. Sifuri. Dada, sifuri! Nikarudia kusoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Wewe unaniandikia hajambo, mimi nadhani unanifunga kamba, kumbe ni kweli tupu. Nilikaa pale nikaona namsikia Baba akipumua, amelala chali, ametulia.

Mwenzangu huyo ana maneno yake. Aliniuliza, "Sifuri hii ni ya jambo ambalo halikutokea, au ya jambo ambalo hatukuliona?" Nikamwambia dada yangu ndiye aliyekuwa pale, na dada yangu hata inzi akiingia anamwona.

Basi nimeirekebisha kompaila kwa hesabu hizo. Vilivyoitwa sana vimenakiliwa karibu. Vya sifuri nimevihamishia kwenye kumbukumbu ya polepole, juu ya kabati, ili nafasi ipatikane. Na imepatikana. Kile kipande kipya kimeingia. Tumejaribu hapa kwa pafu la mpira, tumeuziba mrija wake ghafla, king'ora kikalia, kila kitu sawa. Mkuu amesaini. Kikadi kipya kinakuja na kifurushi cha wiki hii, kiweke na ukiache humo.

Na mashine haihitaji kupumzika, Dada. Anayehitaji ni wewe.

Nilikuwa nimeomba likizo nije mwezi ujao. Nimeirudisha. Kama Baba ni mzima hivi, nitamaliza kazi kwanza, nije mwisho wa mwaka nikae kwa raha.

Msumari


16 Aprili

Msumari,

Leo sina salamu.

Jana, baada ya chakula cha mchana, mashine yako ilizima Baba akiwa anakabwa.

Nilikuwa naanika nguo. Nikasikia king'ora, nikakimbia. Baba amekamata ukingo wa kitanda, anakohoa bila sauti, kifua kinaingia ndani. Nachukua mpira wa kunyonya makohozi, naangalia kioo, kioo cheusi. Kikawaka. Unajua kiliandika nini? Kiliandika KARIBU. Baba midomo imekuwa rangi ya wino na mashine yako inanikaribisha! Ikaanza kupuliza, akakohoa tena, ikazima tena. Karibu. Ikazima. Karibu.

Niliung'oa mrija nikachukua ule mfuko wa kupulizia kwa mkono, nikabana, nikabana, nikabana. Nilipiga kelele jirani akaingia akaleta mashine ya zamani kutoka kona. Baba yuko hai. Amelala, macho yamevilia damu. Sijui nilimpulizia kwa muda gani, mikono haikunyanyuka tena mpaka jioni.

Nimeiandika barua hii nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu maneno ya kwanza hayakuwa ya kumwandikia mdogo wangu.

Niambie ni nini hiki.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Baba abaki kwenye mashine ya zamani, asitoke humo. Hilo kwanza. Familia nyingine zote tumezisimamisha tangu asubuhi.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Acha nikueleze, maelezo ndiyo ninayoyaweza.

Ndani ya mashine kuna kitu tunakiita mlinzi. Programu lazima imalize mzunguko wake kwa wakati, kila pumzi. Ikichelewa, mlinzi anadhani imekwama, anaizima na kuiwasha upya. Amewekwa kwa nia njema. Siku ile programu haikuwa imekwama. Ilikuwa inakimbia kwenda kuchukua vile vipande vya kukabwa kule kwenye kumbukumbu ya polepole, na kabla haijarudi mlinzi akaikata. Kila Baba alipokohoa, ilikwenda tena, ikakatwa tena. Vipande hivyo niliviweka huko kwa mkono wangu.

Pafu letu la mpira linaziba mara moja na basi. Nimesoma rekodi ya juzi uliyoituma pamoja na barua: mrija wa Baba unaziba, unaachia, unaziba nusu, anakohoa, unaachia, unaziba. Vipande vinaitwa kwa kupokezana, vingi, kwa fujo. Dada, mtu hakabwi namna hiyo kwa mara ya kwanza. Huo ni ugonjwa uliokomaa.

Lakini hesabu zilisema sifuri. Kihesabio nimekikagua kutwa nzima, hakina kosa. Nakuuliza kwa adabu zote, na naomba usinijibu hajambo. Baba alianza kukabwa lini?

Msumari


20 Aprili

Msumari,

Tangu kabla kikadi chako cha kwanza hakijafika.

Anakabwa karibu kila siku. Siku nyingine anapita salama, siku nyingine anakabwa asubuhi na jioni. Alipojua kwamba mashine inahesabu na hesabu zinakuja kwako, akaandika ubaoni: HILI ASILIONE. Nikamwambia Baba, mtoto ameomba yote. Akaligonga lile neno kwa chaki mpaka chaki ikavunjika. Basi kila alipoanza kuhisi kifua kinabana, alinyoosha kidole, nami namhamishia kwenye mashine ya zamani. Akitulia, namrudisha kwenye yako. Nilikuandikia kwamba inapumzika. Ukanijibu kwamba haihitaji kupumzika. Siku ile ilipozima nilikuwa nje naanika nguo, kidole chake sikukiona.

Alisema ukijua utaacha kazi uje. Na mimi nikakubali, si kwa kumwogopa Baba. Nilikubali kwa sababu barua zako zilikuwa na furaha, na humu ndani hakuna kitu kingine chenye furaha. Ulipoandika kuhusu ile sifuri nilitaka kukujibu siku ileile. Nikaweka simu chini nikaenda kukosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Sikujua kwamba mashine inajifunza kutokana na tunachoiacha ione. Wewe unazungumza hesabu, mimi nilidhani ni habari tu, kama picha anazotumiwa mtu aliye mbali. Kumbe nilikuwa nakupa kipimo cha uongo, na kidogo nimuue kwa huo uongo.

Sasa nisikilize. Najua utaanza kutafuta njia ya kukisia vipande ni vipi. Usikisie. Muuguzi ameniambia mnahitaji kuhesabu upya, na safari hii akiwa anakabwa kwelikweli. Kama unazitaka hesabu hizo, hutazipata kwa kifurushi. Mashine inayohesabu inaweza kuzima tena, na mimi mikono yangu ni miwili. Njoo uushike mfuko wewe mwenyewe.

Baba anasema hapana. Nimemwachia ubao afikirie.

Dada yako


24 Aprili

Mwanangu,

Dada yako ndiye anayenakili. Naandika ubaoni, ubao ukijaa anahamishia kwenye simu halafu anafuta. Kwa hiyo makosa yote ya herufi ni yake.

(Uongo. — Dada)

Usimkaripie. Nilimwamuru mimi, na unajua ninavyoamuru.

Maisha yangu yote nimegombana na watu wanaokuja kupimwa suti wamevuta tumbo ndani. Namwambia mtu, achia tumbo, bwana, nguo hii utaivaa ukiwa umekula! Anasema hivi ndivyo nilivyo. Nampima alivyosimama. Siku ya shughuli kifungo kinaruka mbele za watu, lawama kwa fundi. Haya. Na mimi nimevuta tumbo ndani mbele ya mwanangu wa kumzaa. Nimeona aibu, si kidogo.

(Hapa amepumzika. Nimemwambia aache, amenirushia chaki. — Dada)

Dada yako amenisomea barua zako zote, hata zile zisizonihusu. Nimeelewa kazi yako kuliko unavyodhani. Unapunguza safari. Mimi pia mkasi, uzi na rula havikuwahi kutoka karibu na mkono wangu. Lakini kuna kitu nilikiweka karibu ingawa nilikitumia mara moja moja: kitambaa cha kufunga kidole sindano ikizama. Fikiria hilo.

Njoo uhesabu. Nina sharti. Nikikabwa mbele yako, usigeuze uso. Kufa nimeshakuzoea kukufikiria. Ninachokiogopa ni kukuona umegeuza uso.

Njoo na soli za viatu vyangu vyeusi, nambari unaijua. Hata asiyetembea havai kiatu kilichotoboka.

Baba yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimerudi kwangu salama. Chumba nimekikuta na vumbi, na mezani kikombe nilichokiacha siku ile naondoka.

Nilipokuwa huko sikusema mengi, nilikuwa naogopa Baba atasikia. Acha niseme hapa.

Sikugeuza uso. Mara ya kwanza nilitaka, shingo ilishaanza, nikamwona ananitazama. Basi nikamtazama. Nilikuwa nabana ule mfuko na kumtazama, na nikawaza jinsi nilivyokaa hapa mwezi wa tatu nikishangilia sifuri, na wewe uko pale peke yako na mpira wa kunyonya mkononi. Dada, umebeba kitu ambacho mimi nisingekibeba hata wiki. Nimekudharau bila kujua, na nakuomba radhi.

Sasa hesabu ninazo. Nikisoma mstari mmoja najua ni siku gani: hapa ndipo alipokohoa akitaka kuniandikia jambo, hapa ndipo wewe ulipoangusha beseni. Vipande ambavyo nisingevikisia kamwe vinaitwa, vingine vinavyoangalia mrija ukiachia, si ukiziba. Ningevikisia ningekosa.

Na nimeelewa kosa langu vizuri zaidi. Kompaila inajua kipi kinaitwa sana. Haijui kipi kikiitwa ni lazima kiitike. Hilo nilipaswa kulijua mimi. Kwa hiyo sasa njia nzima ya kukabwa, kuanzia kikohozi cha kwanza, inakaa kwenye nafasi ya haraka hata kama ingeitwa mara moja kwa mwaka. Nafasi imetoka wapi? Nimeviteremsha vile vya kuchora kioo, ambavyo huitwa kila mara. Mawimbi yatakuwa yanarukaruka kidogo. Yaruke.

Bado kuna mzunguko mmoja unaochelewa kidogo, mlinzi bado anaukata. Nipe wiki chache. Mwambie Baba avute subira, kipimo safari hii ni cha kweli.

Msumari


14 Julai

Msumari,

Tangu uondoke baada ya mazishi sijagusa chumba cha Baba, ila jana nimefungua dirisha.

Nimekuwa nikitaka kukueleza asubuhi ile, maana ulipokuja watu walikuwa wengi na wewe hukuuliza. Hakukabwa. Alikuwa kwenye mashine ya zamani, amekaa, amegeukia dirishani. Aliomba ubao, nikampa, akaushika tu. Nikaenda kuchukua maji, niliporudi alikuwa amekwenda. Mashine inaendelea kupuliza, Baba hayupo. Nilikaa pale nikaiacha ipulize kidogo, sikuwa na nguvu ya kuizima.

Ulilia kaburini ukisema umechelewa, toleo jipya la programu yako halikuwahi. Nimesikia.

Kuna jambo. Muuguzi amekuja kuniuliza habari ya mashine mpya iliyobaki hapa. Mtaa wa nyuma kuna mama mmoja amewekwa mrija shingoni, anaishi na binti yake, na anakabwa kama alivyokuwa anakabwa Baba, kwa kuziba na kuachia. Nimemwambia angoje. Programu ikoje?

Dada yako


17 Julai

Dada,

Shikamoo. Programu iko vilevile nilivyoiacha siku uliponipigia simu.

Nimejaribu. Nafungua hesabu za Baba, natazama mstari wa kwanza, nasikia ile sauti ya hewa ikitafuta pa kupita, nafunga. Hapa kazini wananipisha nikipita kana kwamba nimebeba kitu cha moto. Mkuu amesema mwenzangu wa meza ya majaribio anaweza kumalizia, na mimi nimekubali. Yeye ni fundi mzuri kuliko mimi, na ndiye aliyeuliza swali ambalo nililipuuza.

Mimi niliifanya kwa ajili ya Baba. Sina sababu nyingine. Mwambie muuguzi asubiri kidogo, itafika, ila haitatoka mikononi mwangu.

Msumari


18 Julai

Msumari,

Hiyo umeandika wewe au umeandikiwa?

Mwenzako hakuwepo. Kwenye hizo hesabu zenu ataona namba, basi. Nani atamwambia kwamba namba ile iliyopanda kidogo kabla ya kikohozi ndiyo Baba alivyokuwa akikaza vidole vya miguu? Mimi na wewe tunajua, na mimi siandiki programu.

Nimekwenda kumwona huyo mama. Binti yake ni mdogo kwako, amekonda, anashika mfuko wa kupulizia kama anayeshika nyoka. Aliniuliza unabana kwa nguvu gani. Nikamwonyesha. Nilipokuwa namwonyesha nikajiona mwenyewe mwezi wa nne, na nikakuchukia kwa muda, nakwambia ukweli.

Baba alikubali umwone katika hali ambayo hakutaka hata Mungu amwone. Alijua ana siku chache, hakuwa mjinga. Unadhani alikubali kupimwa kwa ajili yake mwenyewe?

Lia, unawe uso, ukae kitini.

Dada yako


12 Agosti

Dada,

Shikamoo. Kikadi kiko njiani.

Ule mzunguko uliokuwa ukichelewa nimeupata. Kulikuwa na kipande kimoja kilichonakiliwa sehemu nyingi mno kwa sababu kinaitwa sana, kikavimbisha njia yote, vingine vikasukumwa nje. Nimeiambia kompaila ikiache kisimame peke yake kwenye njia ile. Kunakili kila kitu pia ni kosa. Mwenzangu alikaa nami siku zote hizo, nikamwelezea kila mstari ni nini. Mara moja alitoka nje akarudi macho mekundu, akavuta kiti, tukaendelea na mstari uliofuata.

Tumepitisha hesabu zote za Baba, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye pafu la mpira tulilolifundisha kukohoa kama yeye. Mlinzi hakuikata hata mara moja.

Nakuomba, mara ya kwanza huyo mama akikabwa uwepo, mfuko uwe mkononi mwako. Sitamwamini mtu mwingine. Hata mimi sijiamini.

Msumari


2 Septemba

Msumari wangu,

Nilikaa kwa yule mama karibu wiki nzima, nafika asubuhi na kuondoka jioni, na binti yake akawa ananipikia chai hata nisipoitaka. Ikawa kila mama akikohoa sote wawili tunaruka. Mama mwenyewe akaanza kutucheka, anatikisa mabega tu, sauti naye hana.

Jana, jua limeshapanda, king'ora kikalia. Nikatazama kitandani, nikaona mama ametulia kabisa, anatushangaa sisi. Nikadhani imeharibika. Kumbe ni kile kipande chako kipya, mashine imeona kabla yake. Tukawa tumeshachukua mpira wa kunyonya, ndipo kifua kikaanza kubana. Akakohoa. Mrija ukaziba, ukaachia, ukaziba. Binti analia huku ananyonya makohozi, na anafanya vizuri, nimemfundisha. Mimi mfuko uko mkononi, macho kwenye kioo. Mawimbi yanarukaruka kama ulivyosema. Nilikuwa nasubiri lile neno, Karibu. Mwili mzima ulikuwa unalisubiri.

Halikuja, mdogo wangu. Mama akakohoa vile vikohozi vya Baba, vilevile, na mashine ikampulizia kila kimoja, ikamvusha mpaka akatulia. Mfuko sikuubana.

Nilitoka nje nikakaa kizingitini nikalia. Tangu tumzike Baba nilikuwa sijalia, nilikuwa napika na kupokea watu. Binti akanifuata, akadhani kuna kitu kimeharibika. Akaniuliza mashine hii nimeipata kwa nani. Nikamwambia wameitengeneza watu wawili, mdogo wangu na baba yetu.

Omba likizo uje. Huku sasa hakuna mgonjwa, hakuna kikadi cha kuchomeka, hakuna kazi yoyote inayokungoja. Njoo tu ukae. Nimechoka kukuandikia.

Dada yako